Mzee wa Zinki

Primari niliyosoma ilikuwa na darasa moja lenye jina la mtu kwa paa. Sio ukutani, kwa paa, herufi nyeupe kubwa kuliko mlango, kwa sababu mwenye kulijenga alitaka lisomeke ukiwa bado uko barabarani. Mzee alileta mabati na simiti akataka vitu viwili tu, jina lake pale juu na sisi watoto tumwimbie kila akija, na shida ni kwamba alikuwa anakuja bila taarifa. Gari ikichungulia kwa kona mwalimu anaweka chaki chini, tunatoka nje, tunapanga laini, tunaanza wimbo, hata kama ni katikati ya hesabu. Desimali zilinipita hivyo. Mpaka leo sijajua kama nimwekee huyo mzee kinyongo ama nimshukuru kwamba sikunyeshewa.

Siku hizi mimi ni mtu wa kaunta kwa hadiwea moja huku Kariobangi, nauza mabati, misumari, rangi na waya, halafu jioni nakimbia tao kwa digrii ya komasi, klasi ni saa kumi na mbili na kwa hii jam yetu nafika na robo kama Mungu amenipenda. Semista hii tukapewa asaimenti, kila mtu achague shule moja ya biashara ya chuo kikuu popote duniani aandike ilitoka wapi na nani alitoa pesa. Wenzangu wengi wakakimbilia Harvard. Mimi nikachukua Wharton, ya University of Pennsylvania kule Philadelphia, kwa sababu ambayo hata si ya heshima: ndio jina nimezoea kusikia Trump akijisifu nalo, alimaliza hapo 1968. Nilitarajia nikute mtu wa benki, suti nyeusi, saa ya mnyororo. Kumbe naenda kukutana na mtu wa kazi yangu.

Joseph Wharton alikuwa mtu wa zinki.

Kama hujawahi kusimama upande huu wa kaunta wacha nikueleze. Bati ni chuma chembamba kilichovishwa zinki, na hiyo zinki inazuia kutu kwa kujitoa yenyewe kwanza, yaani maji na hewa zinaanza kuila yeye kabla hazijafika kwa chuma. Mteja akiniuliza mbona hili bati ni bei na lile ni rahisi na yote ni geji 30, yaani unene ule ule, jibu mara nyingi liko hapo, moja imepakwa nono na ile nyingine imepitishiwa tu kama siagi ya mkate wa kibanda. Baada ya mvua mbili tatu unajua ni gani ulinunua.

Sasa huyu Wharton alizaliwa 1826 hapo Philadelphia kwa familia ya watoto kumi, watu wenye uwezo lakini Wakweka, hawa wa kanisa la Friends ambao huku kwetu walianzia Kaimosi 1902 na leo Kenya ndio ina Wakweka wengi kuliko nchi yoyote duniani. Hakusomea chuo. Akiwa na miaka kumi na sita alipelekwa shambani kwa watu, afya yake haikuwa nzuri, akakaa huko kama miaka mitatu, kisha akaingia kwa kampuni moja ya wafanyabiashara miaka miwili kujifunza kuweka hesabu za biashara kwa vitabu. Akajaribu rangi ya madini ya risasi na kaka yake, akajaribu matofali. Mwaka wa 1853 akaingia kwa kampuni ya zinki pale Bethlehem, Pennsylvania, na kufika 1860 hivi alikuwa anayeyusha zinki ya kuuza, kitu Marekani walikuwa wamejaribu wakashindwa, wanaagiza tu kutoka Ulaya.

Kutoka hapo akarukia nikeli. Alikuwa na mgodi mahali panaitwa Gap na kiwanda Camden, New Jersey, na kwa miaka mingi ukitaka nikeli ya Marekani ni kama hakuna mlango mwingine wa kubisha. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha watu walikuwa wameficha sarafu za fedha na dhahabu, serikali ikatafuta madini ya bei ya chini ya kutengeneza chenji, na Wharton hakukaa kiwandani kungoja kuitwa, alienda Washington kuongea na wakubwa. 1866 ikatoka sarafu ya senti tano, robo nikeli, robo tatu shaba, na mpaka leo Mmarekani anaiita nikeli. Ni ndururu yao. Shosho yangu alikuwa nazo kwa mkebe, zile za mkoloni zenye tundu katikati, alikuwa anasema zilitobolewa ndio uzifunge kwa kamba zisipotee. Pesa ya mtu kuingia kwa mfuko wa kila mama sokoni namna hiyo, halafu yeye ndiye mwenye mgodi, hiyo ndio biashara ambayo hawafundishi kwa klasi yetu.

Kuna mambo mengine yake hayahusiani na asaimenti lakini siwezi yaacha. Mlima Krakatau ulipolipuka Agosti 1883 na jua likawa linatua likiwa jekundu dunia nzima, watu walikuwa wanabishana kama ni vumbi la huko kweli. Januari iliyofuata Wharton akatoka nje akachota theluji iliyotoka kuanguka, akaiyeyusha, akaangalia mabaki kwa darubini, akakuta vipande vidogo vya kioo, halafu akatafuta meli iliyokuwa imepita karibu na Krakatau apate jiwe la volkano alinganishe. Vilikuwa sawa. Tajiri mzima na viwanda vyake anachemsha theluji! Pia alinunua karibu ekari 100,000 za msitu New Jersey akiwa na mpango wa kupeleka maji ya huko Philadelphia kwa bomba. Watu wa New Jersey wakapitisha sheria maji yao yasitoke. Ukisoma hapo na umewahi kusikia watu wa Murang'a wakiongea kuhusu maji ya bwawa la Ndakaini yanayokuja Nairobi unacheka peke yako. Ardhi yenyewe serikali ya jimbo iliinunua miaka ya 1950, ni msitu wa umma sasa, na una jina lake.

Basi. 1881 akawaandikia wadhamini wa University of Pennsylvania kwamba anatoa dola 100,000 waanzishe shule ya fedha na uchumi ndani ya chuo kikuu. Wakati huo ukitaka kujifunza biashara Marekani uliingia kwa duka la mtu kama yeye alivyofanya, ama uende kwa vyuo vya vichochoroni vya kufundisha mwandiko mzuri na kujaza leja. Chuo kikuu kilikuwa cha Kilatini, Kigiriki, wachungaji na mawakili. Ulaya zilikuwepo shule za biashara, ile ya Paris ni ya 1819, lakini zilikuwa zinasimama peke yake, hazikuwa ndani ya chuo kikuu. Mzee alisema wazi kwamba kijana hawezi kufundishwa biashara vizuri dukani tena, mwenye duka hana muda wa kukuelezea, unaokota tu. Na huyu si mtu aliyesikia kwa watu, miaka miwili aliokota.

Barua ile ndio ilinifanya nilale saa nane. Hakutoa pesa akaenda. Aliandika masomo, aliandika walimu waseme nini. Wafundishe kwamba ni makosa na pia si akili kutafuta utajiri kwa kumpokonya mwenzako badala ya kuupata kwa kazi yenye faida kwa watu. Sawa, hapo nikasema mzee yuko sawa. Wafundishe kwamba viwanda vya kisasa vinahitaji mtaji mkubwa na wafanyakazi wengi chini ya kiongozi mmoja, na nidhamu idumishwe kwa hao wafanyakazi. Mmh. Wafundishe migomo ni nini na inazuiwa vipi. Na kubwa kuliko yote, wafundishe kwamba nchi lazima ilinde viwanda vyake kwa ushuru wa forodha, na mwalimu wa biashara huria asikanyage hapo.

Yaani mtu wa nikeli, ambaye bei yake inategemea ushuru wa nikeli ya kutoka nje, anajenga shule ya kufundisha watoto kwamba ushuru ni mzuri.

Nilitaka kumcheka lakini nikajikuta sicheki sana, juu mimi nauza mabati. Bosi wangu akisikia mzigo wa nje umeshuka Mombasa kwa bei ya kutupa anaanza kuongea kama Wharton neno kwa neno, na hajawahi kusikia jina hilo. Na 2022 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki si zilipandisha kiwango cha juu cha ushuru mpaka 35% na bidhaa za chuma zikawa ndani? Mzee angepiga makofi. Lakini bosi huyo huyo akitafuta sola na taili anataka biashara huria kabisa, kila mtu analinda kile anauza na anataka uhuru kwa kile ananunua. Aprili 2025 pale Trump, yule wa darasa la 1968, alitangaza ushuru kwa dunia yote na Kenya ikaandikiwa 10%, dada yangu anayeshona jinzi EPZ, kule viwanda vya kuuza nje, Athi River alinipigia kuuliza kama wataachishwa. Nikamwambia sijui, lakini niko na kitabu kinachosema hiyo kitu ilianza na mtu wa ndururu. Akakata simu.

Shule yenyewe ilianza kidogo sana. Waliomaliza mara ya kwanza, 1884, walikuwa watano, na mmoja alikuwa Mjapani, Shiro Shiba. Hapo nilisimama kidogo. Wakati huku hakuna reli wala Nairobi, ni maji baridi tu ya Wamaasai, Japani tayari ina kijana anasoma ushuru Philadelphia. Walimu wakaongezeka, akaja Edmund James, baadaye Simon Patten ambaye kweli aliutetea ushuru kwa vitabu, kwa hiyo hapo mwanzo mfadhili alipata alichoagiza.

Halafu kuna W.E.B. Du Bois. Huyu, Mweusi mwenyewe, alikuwa na digrii ya udaktari wa falsafa kutoka Harvard, na 1896 akaitwa na watu wa shule ya Wharton achunguze maisha ya Weusi wa mtaa mmoja wa Philadelphia, Seventh Ward. Akahamia mtaani humo na mke wake wa harusi juzi, wakakaa chumba kimoja, akatembea nyumba kwa nyumba, kama nyumba 2,500, akiuliza kazi, kodi, watoto, ugonjwa. 1899 ikatoka kazi ambayo watu wa sosholojia wanaisoma hadi leo. Na chuo kilimpa nini? Cheo cha msaidizi, hakupewa klasi ya kufundisha, jina lake hata halikuingia kwa orodha ya walimu. Shule ina jina la mtu wa zinki na kitabu ambacho labda ndicho bora kilichotoka humo miaka hiyo kiliandikwa na mtu asiye na jina kwa orodha.

Narudi kwa wafanyakazi na nidhamu. Wharton alikuwa na hisa nyingi kwa kampuni ya chuma ya Bethlehem na 1898 ikamwajiri Frederick Taylor, yule wa kupima kazi ya watu kwa saa, ambaye sisi wote wa komasi tunamkariri bila kumwuliza maswali. Taylor anasema alichukua mbebaji mmoja aliyekuwa anapakia tani 12.5 za vyuma kwa siku, akamfundisha abebe vipi na apumzike saa ngapi, akafika tani 47.5, na mshahara ukatoka dola 1.15 ukawa 1.85. Mwalimu wetu aliandika hizo namba ubaoni kama aya ya Biblia. Mimi nikatoa kalkuleta ya kaunta, desimali ndizo adui wangu lakini hizi nilizipiga mara tatu: kazi imekuwa mara 3.8, pesa mara 1.6. Kesho yake nikawaonyesha vijana wetu wawili wanaopakia simiti kwa mkokoteni. Mmoja akauliza, na huyo mwenye kushika saa alikuwa analipwa ngapi? Sikuwa na jibu na naona ni swali zuri kuliko asaimenti yote. (Hizo namba ni za Taylor mwenyewe, na kuna wanahistoria wanaozitilia shaka. 1901 kampuni ilimfukuza.)

Sasa mahali ambapo stori ilinishika shati. Wharton alikufa Januari 1909. Miaka sita baadaye kulikuwa na mwalimu kijana wa uchumi hapo, Scott Nearing, klasi zake zimejaa wanafunzi mpaka mlangoni, na alikuwa anapiga kelele kuhusu watoto wadogo kufanyishwa kazi viwandani na migodini Pennsylvania. Wenye viwanda na migodi ndio haohao, ama marafiki wa haohao, walio kwa bodi ya wadhamini. Juni 1915, shule zikiwa zimefungwa na watu wametawanyika, akapata barua kwamba mkataba wake hautaendelea. Sababu, hakuna. Walimu wenzake wengi hawakukubaliana na siasa zake hata kidogo lakini walimtetea, magazeti yakajaa, kesi yake ikawa mfano wa uhuru wa walimu wa vyuo Marekani nzima. Akawa mkulima kule Vermont, baadaye Maine, akajenga nyumba ya mawe kwa mikono yake. Mwaka wa 1973 chuo kikampa cheo cha heshima cha profesa mstaafu, akiwa na miaka kama tisini. Akaishi mpaka mia, naona ni kwa ukaidi tu.

Na hapa ndipo nikatofautiana na wenzangu wa grupu. Wao waliandika kwamba mfadhili kuandika masharti ni ubaya, atoe pesa anyamaze. Mimi naona barua ya Wharton, na ujeuri wake wote, ni afadhali. Iko hapo. Unaisoma, unaona mahali anajipigia debe, unabishana nayo miaka mia na arobaini baadaye ukiwa Kariobangi, na shule yake yenyewe ilibishana nayo ikaiacha, nenda leo uone kama kuna profesa anaulizwa msimamo wake wa ushuru kabla ya kuajiriwa. Nearing hakuwa na barua ya kubishana nayo, watu walikaa chumbani wakaangaliana wakajua bila kuambiana ni nini wenye pesa hawapendi. Yule mzee wetu wa primari pia hakuandika kitu. Hakuna siku alisema muache hesabu. Alikuwa anatokea tu kwa kona.

Wahenga walisema mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, mfadhili binadamu atakuudhi, lakini wahenga walikuwa upande wa mwenye mbuzi. Hakuna mtu alimwuliza mbuzi.

Hapa Nairobi nikaanza kuangalia kuta. Ukipita ndani ya University of Nairobi kuna sanamu ya Gandhi na kuna jengo lenye jina lake, na nilikuwa napita hapo miaka nikidhani ni zawadi ya ubalozi. Kumbe Gandhi alipouawa Januari 1948 Wahindi wa Afrika Mashariki walianza kuchanga wajenge chuo cha kumkumbuka. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mpango wake wa Royal Technical College iliyopata hati ya kifalme 1951, na badala ya kujenga vyuo viwili mji mmoja wakaunganisha mfuko. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1956, rangi zote pamoja, kwa mji ambao ulikuwa bado kwa hali ya hatari. Hicho ndicho kikaja kuwa University of Nairobi 1970. Hao waliochanga walikuwa wenye maduka, mafundi, makarani, na hakuna jina lao hata moja unaloliona ukipita pale, wote wamejificha nyuma ya mzee mmoja wa sanamu ambaye hakutoa hata shilingi. Ni harambee kabla ya hilo neno kuwa la serikali.

Halafu shuka Thika Road mpaka Kasarani, chuo kikuu cha USIU, shule yao ya biashara inaitwa Chandaria. Manu Chandaria alizaliwa hapa Nairobi 1929, akasoma India na Marekani, na kampuni za ukoo wao ndizo zilijaza hii nchi sufuria za Kaluworks, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaanzisha Mabati Rolling Mills. Mabati! Nilisimama kwa stoo nikaangalia mhuri wa rundo lililoingia asubuhi hiyo nikacheka, juu Philadelphia shule ya biashara imejengwa na zinki na Kasarani shule ya biashara imebeba jina la watu wa kile kitu zinki inapakwa juu yake. Hii sikuiweka kwa asaimenti. Mwalimu angesema si hoja, na kweli si hoja.

Nilipata sabini na mbili. Alama zilikatwa kwa sababu ya Krakatau.

Wiki iliyopita katibu wa kamati ya ile primari yetu alipata namba yangu kwa mtu, akapiga kuuliza bei ya mabati. Lile darasa limeanza kuvuja, yale mabati ya mzee yamekula kutu mpaka misumari inang'oka na upepo, na mzee mwenyewe alishatangulia. Nikamwambia achukue geji 28 ambayo ni nene, isiwe 30, nikampigia hesabu ya mabati arobaini na misumari, nikatoa punguzo ambalo bosi hajui bado. Akashukuru. Halafu akanyamaza kidogo, nikajua kuna kitu.

"Na ile rangi nyeupe ya maandishi," akasema, "mkebe mmoja utatosha ama niweke miwili? Familia yake ndio wanalipa."